Kanzu za Theluji: Maisha ya Mzee Hanifu Shaban Mapalala wa Majengo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwenye kutoa na Mwenye kutwaa. Haya ndiyo maisha ya ndugu yetu mpendwa, Mzee Hanifu Shaban Mapalala, yaliyoandikwa na mdogo wake, Bi Mwamvua Shaban, na kusomwa nyumbani kwa marehemu, Miyuji, Dodoma, siku ya arobaini yake, Jumapili tarehe 20 Julai 2025. Marehemu hakupenda hotuba ndefu, isipokuwa zake mwenyewe. Atakayeona haya yanarefuka avumilie, maana ugonjwa huo ni wa ukoo mzima.

Marehemu alizaliwa Majengo, mjini Dodoma, Jumamosi tarehe 9 Agosti 1958, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Shaban Mapalala na Bi Ikram binti Athuman. Babu yake alikuwa Mnyamwezi, aliyetoka Unyanyembe na msafara akiwa na mzigo begani, akafika hapa Ugogo, akautua, akaoa, na mzigo ule hakuubeba tena. Wenye mali walimsubiri mpaka wakachoka. Ndiyo maana kwao Hanifu hakuna mtu anayekubali kubeba kitu kizito bila kwanza kuuliza kinakwenda wapi. Alizaliwa wakati wa kipupwe, upepo wa Dodoma ukipuliza vumbi mpaka ndani ya vyungu, na mama yake alikuwa akisema mtoto yule alilia siku tatu, na siku ya nne akaanza kuzungumza, wala hakunyamaza tena.

Alisoma Kurani chuoni Majengo, akahitimu mapema, kisha akapata elimu ya msingi hapa mjini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Hesabu alizijua. Jiografia ilimpiga chenga. Siku moja mwalimu aliuliza darasani, kile cheupe kilicho juu ya mlima Kilimanjaro ni nini? Hanifu akanyoosha mkono, akasema ni majivu. Mwalimu akamwambia ni theluji. Hanifu akauliza, "Imepelekwa na nani?" Alichapwa, na jina la Majivu likamkaa mpaka alipomaliza darasa la saba. Wanafunzi wenzake, wengine wamo humu ndani leo na mvi zao, walikuwa wakimwita hivyo hata sokoni, naye alikuwa akiitika.

Baada ya shule alifanya kazi za vibarua. Alibeba matofali enzi zile mji ulipoanza kujengwa kwa ajili ya makao makuu, akauza karanga stesheni, akauza vitenge vya mkononi. Mwaka 1986, biashara ya mitumba iliposhika kasi, alipata meza yake sokoni Majengo na hapo ndipo alipoota mizizi. Alikuwa mnadi wa kuzaliwa. Sauti yake ilisikika kwa wauza nafaka, na wauza nafaka walikuwa wakilalamika kwamba wateja wao wanaacha kupima mahindi wanakwenda kumsikiliza. Akifungua robota, hachomoi nguo hivi hivi. Anaitoa taratibu, anaitazama, anatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na shangazi aliyepotea, kisha anasema, "Jamani, hii mimi nisingeuza." Na watu walikuwa wakigombania.

Meza ya jirani ilikuwa ya viatu, ya Mzee Sostenes Mazengo, Mgogo halisi wa Mvumi, ambaye ndiye mtani wake. Wawili hao walitukanana kila asubuhi kwa miaka karibu arobaini na hawakulala hata siku moja wakiwa na kinyongo. Sostenes alikuwa akimwambia, "We Mnyamwezi, babu yako alisahau njia ya kurudi kwao." Hanifu anamjibu, "Hakusahau, aliteleza kwenye mlenda wenu." Ndiyo salamu yao hiyo. Wakimaliza, wanaagiza chai.

Tarehe 17 Septemba 1988 marehemu alifunga ndoa na Bi Stara binti Habibu, Mrangi wa Kondoa. Walikutana kwa ugomvi. Hanifu alipeleka sweta za kuuza Kondoa, Stara akanunua moja, na kesho yake akairudisha mezani akiwa amekasirika kweli kweli. "Kaka, hii sweta mkono mmoja unafika gotini. Ilifumwa kwa ajili ya nani?" Hanifu akaishika, akaipima, akasema hakuona, na akampa sweta nyingine juu yake na samahani tatu. Stara aliporudi nyumbani akamwambia dada yake kwamba amekutana na mchuuzi anayekubali kosa, na kwamba viumbe hao ni adimu. Baada ya miezi saba posa ikafika. Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto watatu: Mudrick, Yusra na Shamila.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu wote wa Majengo wanalijua kwa juu juu, na leo lielezwe sawasawa.

Mwaka 1996, Ramadhani ikiwa inaelekea ukingoni, Hanifu alinunua robota kutoka kwa mwagizaji mmoja wa Dar es Salaam. Maandishi yake hayakusomeka kwa lugha yoyote inayojulikana sokoni. Siku ya mwisho ya mfungo, baada ya swala ya Alasiri, alilifungua mbele ya watu. Ndani yake hakukuwa na suruali, hakukuwa na shati. Kulikuwa na mavazi meupe peke yake, ya pamba nzito safi, marefu mpaka kwenye muundi, yenye vifungo vikubwa kifuani na kofia iliyoshonewa shingoni hapo hapo. Watu waliguna. Hanifu alilitazama vazi la kwanza, akalitikisa, na roho yake ikaruka kwa furaha.

"Kanzu!" akapaaza sauti. "Kanzu za Uturuki, jamani! Wallahi, kanzu za Uturuki hizi! Sultani akienda kuswali anavaa nini? Anavaa hii!"

Nani aliyemwambia za Uturuki? Hakuna. Ile kofia ndiyo iliyomtia wazimu. Alikuwa hajawahi kuona kanzu yenye kofia, basi akaona lazima itoke mbali, na mbali kuliko kote alikokujua kulikuwa huko. Kabla ya futari robota lilikwisha. Watu walivaa pale pale sokoni. Kulikuwa na vitanzi vya kuingiza kidole gumba kwenye mikono, wakasema ni vya kutundikia tasbihi. Kulikuwa na kamba ndefu nyuma, ambayo hakuna aliyejua kazi yake, wakaizungusha kiunoni ikapendeza.

Asubuhi ya Idd uwanjani ilikuwa fahari. Safu nzima za mbele zilimeta, na kwa kuwa kulikuwa na upepo, watu walivuta zile kofia juu. Imamu alipotoa salamu upande wa kulia alishtuka kidogo, kisha akaendelea. Hanifu mwenyewe alikuwa amevaa ya kwake, na Mwamvua anashuhudia kwamba hajapata kumwona kaka yake akitembea vile, mikono nyuma, kama mwenye mji.

Baada ya swala watu wakaenda kupeana mkono wa Idd. Akaja Mzee Thobias, mlinzi wa ghala moja pale Majengo, ambaye zamani alikuwa askari na aliwahi kupelekwa mafunzoni nchi ya baridi. Alisimama, akawatazama wale watu weupe mmoja mmoja, na midomo ikaanza kumcheza.

"Hanifu, hizi nguo mmepata wapi?"

"Kanzu za Uturuki, Mzee Thobias. Idd mubarak."

"Kanzu?" Thobias akashika ule mkono wenye kitanzi. "Mwanangu, hizi ni nguo za jeshi. Wenzetu kule, theluji ikianguka, askari anavaa hii juu ya koti lake, analala chini, adui hamwoni. Na hiyo kamba unayojifungia kiunoni inapita katikati ya miguu, upepo usiingie."

Sostenes, aliyekuja kula pilau la mtani wake, akauliza kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, "Kumbe leo waumini wote wa Majengo walikuwa wamejificha! Mlikuwa mnamkimbia nani, Mungu?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Wengine walitoa machozi. Hanifu hakucheka. Alirudi nyumbani, akavua lile vazi, akakaa kitandani, na Bi Stara alipomletea pilau akalisogeza pembeni. "Nimeapa," akasema. "Nimesema wallahi mbele ya watu. Nimetumia jina la Mungu kuuzia nguo za vita."

"Hukujua."

"Kama sikujua, kwa nini niliapa?"

Hapo ndipo mzigo ulipoingia nyumba ile, mzigo ambao hata huyu Mnyamwezi hakuweza kuutua.

Kesho yake alikwenda kwa shehe wa msikiti wake. Shehe alimsikiliza, akajizuia kucheka, akashindwa, akacheka, kisha akampa majibu yaliyo sawa. Swala za watu zimeswihi, kwa kuwa nguo ilikuwa safi na imesitiri mwili. Kiapo chako ulikidhania ni kweli. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua alichonunua. Watafute, uwaambie ukweli, anayetaka kurudisha umpe kanzu ya kweli, anayetaka kubaki nayo akupe radhi yake. Ukishapata radhi zao, ulale usingizi.

Basi Hanifu akaanza kuzunguka. Alikwenda nyumba kwa nyumba, Majengo, Chamwino, Makole, Kikuyu, akibeba kanzu za kawaida begani. Wengi walicheka, wakasema, "Radhi, Hanifu, na hii siirudishi, inazuia vumbi." Wengine walibadilisha. Bibi mmoja alikataa kata kata kusikia habari za jeshi na mpaka leo wajukuu zake wanaamini ile ni ya Uturuki. Kidogo kidogo, kwa miezi, wote wakapatikana. Wote isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja hakuna aliyemjua jina. Sostenes ndiye aliyekumbuka: mtu mrefu, mwenye mwanya, alifika wakati vazi la mwisho limebaki mezani, akalichukua hata bila kujipima, akakimbilia lori lililokuwa linaondoka kwenda Kibaigwa. Hivyo tu. Lori likapiga honi, mtu akapotea na vazi lake.

Tangu siku hiyo Hanifu akawa mtu wa Kibaigwa. Safari zake zote za Dar es Salaam, lazima ashuke pale. Alifanya bidii kushuka siku ya Ijumaa. Akishaswali anasimama mlangoni mwa msikiti, anauliza: jamani, kuna mtu mrefu hapa, ana mwanya, ana kanzu nyeupe yenye kofia? Alimaliza misikiti yote ya Kibaigwa, ikajengwa mipya, akaimaliza na hiyo. Aliuliza madalali wa mahindi, aliuliza makuli, aliuliza madereva wa malori, mpaka ikawa hadithi ya barabarani. Madereva walimpachika jina: Mzee wa Kanzu za Theluji. Walikuwa wakimpigia honi. Yeye alikuwa anapunga mkono na moyoni ana uchungu. Bi Stara akimwambia, "Baba Mudrick, mtu mwenyewe labda keshasahau," anajibu, "Yeye kusahau si radhi. Nataka aseme kwa mdomo wake."

Na zile nguo zilizorudi je? Hapo ndipo mapenzi yalipoanzia. Alizirundika kwenye chumba cha uani, akiona haya kuziuza. Lakini jioni alikuwa anaingia kuzitazama. Akamwita Thobias amweleze kila kitanzi na kila kamba. Akajifunza, akanogewa. Kuanzia hapo, robota likifunguliwa popote Dodoma na ndani yake mkatokea nguo ya baridi ya jeshi la kale la ughaibuni, wachuuzi wenzake walikuwa wanaiweka pembeni: "Hii ya Hanifu." Makabuti ya sufu nzito ya kijivu. Makoti ya manyoya ya kondoo ambayo mtu mzima anayabeba kama mgonjwa. Koti zilizoshonwa kama godoro jembamba. Buti za sufu. Glavu zenye kidole gumba na kidole kimoja tu cha kando, ambazo ziliifanya Majengo isadiki kwa mwaka mzima kwamba wazungu wa huko wana vidole vitatu, mpaka Thobias alipoeleza kwamba kile kidole ni cha kufyatulia risasi. Nguo za mabaka hakugusa, wala sare ya jeshi letu, kwa kuwa sheria aliijua na aliiheshimu.

Mwaka 2003 familia ilipohamia hapa Miyuji, makabuti yalipata chumba kabla ya watoto. Bi Stara alikiita Chumba cha Baridi. Marehemu aliweka majani ya mwarobaini mifukoni kufukuza nondo, na kila Oktoba, jua likiwa la kupasua mawe, aliyaanika uani yote. Jirani mgeni mtaani aliwahi kuja mbio kuuliza kama kuna msiba wa askari.

Wapenzi wa vitu vya kale wakaanza kumfuata, kwanza waongoza watalii wa Arusha, halafu vijana wa Dar es Salaam wanaopenda mavazi ya zamani, halafu wageni wa mbali waliotumiwa picha na Yusra kwa simu. Marehemu alikuwa anawauliza wote swali moja: "Wewe unapenda nini hapa?" Mmoja alisema vifungo, kwamba ni vikubwa ili vifunguliwe na mkono wenye glavu. Mmoja alisema harufu. Binti mmoja alivaa kabuti, akajitazama kiooni, akasema, "Ukilivaa unasimama wima hata kama hukutaka." Hilo lilimfurahisha marehemu wiki nzima. Vipande vingine aliwauzia. Lakini kabuti moja lenye jina la askari lililoandikwa kwa wino ndani ya bitana hakuliuza kamwe, wala hakuruhusu lifuliwe, na jina lile hakuweza hata kulisoma. Alikuwa akilikunja anasema, "Huyu naye alikuwa na mama yake."

Mudrick alipomuuliza siku moja anaona nini kwenye makoti hayo katika mji wa jua kama huu, alimkalisha chini. "Suti inashonwa mtu apendeze," akamwambia. "Hii imeshonwa mtu asife. Fundi wa suti anaweza kudanganya ndani, nani atafungua? Fundi wa hii akidanganya pindo moja, mtoto wa watu anaganda usiku. Tazama uzi ulivyopita mara mbili. Mimi nilidanganya kwa mdomo dakika moja, mwanangu, na mpaka leo natembea."

Mwaka 2019 sukari ilibainika, na mwaka 2023 figo zikaanza kuchoka. Alitibiwa hapa Dodoma, na familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi. Wodini aliwanadia wagonjwa wenzake mashuka ya hospitali ("Jamani, hili mimi nisingelilalia!") mpaka muuguzi akamwomba apunguze sauti. Miezi ya mwisho alisikia baridi mchana kutwa. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza maishani, alivaa makabuti yake kwa kazi yake. Aliketi barazani Machi ile ya joto, kabuti mpaka masikioni, akasema, "Kumbe kweli yanafanya kazi," kana kwamba alikuwa na shaka miaka yote hiyo. Jambo moja tu lilimnyima raha. Alimshika Mudrick mkono akamwambia, "Wa Kibaigwa. Msiache kuuliza."

Alifariki dunia nyumbani, Jumanne tarehe 10 Juni 2025, baada ya Magharibi, mkewe akiwa amemshika kichwa na dada yake amemshika miguu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Siku ya maziko, Jumatano, ilikuwa siku ya kulia, na watu walilia, lakini mwenye mtani halii kwa raha. Wakati maiti inaoshwa, Mzee Sostenes na wenzake Wagogo waliingia Chumba cha Baridi, wakatoka wamevaa. Sostenes alikuwa ndani ya koti la manyoya ya kondoo na buti za sufu, jua la saa saba likiwa kichwani, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Akaweka kigoda katikati ya geti, akakaa.

"Hapa Ugogo," akatangaza, "Mnyamwezi hapiti bila kulipa hongo ya njia. Babu yake alipita na msafara, hongo hakulipa. Baba yake hakulipa. Na huyu naye anataka kupita kimya kimya amelala! Hapiti."

Mudrick akatoa elfu kumi. Sostenes akaiinua juu watu waione. "Hii haimfikishi hata Bahi." Akina mama wakacheka huku wanafuta machozi. Wakaleta jogoo. Akamkagua jogoo, akasema amekonda kama wenye nyumba. Akamnadi jogoo kwa sauti ya Hanifu, ile ile, na kutikisa kichwa kule kule, "Jamani, huyu mimi nisingeuza," na iliwafika watu mahali, maana kwa nukta moja marehemu alikuwepo. Halafu Sostenes akainamisha uso kwenye yale manyoya, mabega yakatikisika, na wenzake wakamwinua pale kigodani wakamvua koti.

Baada ya Alasiri jeneza lilitolewa. Shemeji wa marehemu, Mzee Abdulrazaki Habibu wa Kondoa, akasimama kuuliza kama ilivyo desturi: mwenye kumdai marehemu, au mwenye jambo naye, ajitokeze sasa, familia ipo.

Mtu akanyoosha mkono nyuma kabisa, karibu na geti. Mzee mrefu. Watu wakampisha. Alipofungua mdomo, mwanya ulionekana.

"Bwana asifiwe," akasema, akasita, akajisahihisha, "Mnisamehe, asalaam aleikum. Mimi naitwa Bartolomayo, ni katekista, natoka Kibaigwa. Sijui kama ninamdai au ananidai. Jana usiku dereva wa lori alikuwa anatuambia kwamba Mzee wa Kanzu za Theluji amekufa Dodoma, yule aliyekuwa akisimama misikitini anamtafuta mtu. Nikamuuliza, kanzu hiyo ina kofia? Akasema ina kofia. Basi nikajua ni mimi."



"Mwaka ule ndiyo kwanza nimepewa ukatekista, sina hata vazi la kuongozea ibada. Nikapita sokoni nikasikia mtu anaita kanzu, kanzu. Habari za Uturuki sikuzisikia, lori lilikuwa linaondoka. Nimeongozea ibada nayo mpaka leo, nimezikia watu nayo. Yeye alikuwa ananitafuta msikitini, mimi niko kanisani, ng'ambo ya barabara." Akafungua mfuko wa plastiki, akatoa vazi jeupe lililokunjwa, limepigwa pasi, limetiwa kiraka kiwikoni. "Nimesikia alikuwa anazikusanya. Kama ni yake, mimi nimeileta."

Ndipo ikasikika sauti ya Bi Stara kutoka kwa wanawake, nyuma ya pazia la mlango, sauti ya mjane asiyepaswa kusumbuliwa siku ile na aliyejisumbua mwenyewe.

"Baba, hiyo ni yako, rudi nayo. Niambie tu neno moja. Huyu aliapa kwamba ni ya Uturuki, na si ya Uturuki. Unamridhia?"

"Mama," Bartolomayo akasema, "nimemridhia tangu siku ile ile. Sikujua kama kuna mtu anangoja kusikia."

"Sema kwake. Yuko hapo."

Yule mzee akasogea mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya shuka. "Nimekuridhia, mzee mwenzangu," akasema. "Ni kanzu nzuri." Bi Stara alilia kwa sauti, kilio ambacho Mwamvua aliyekuwa amemkumbatia anakishuhudia kuwa ni cha furaha, na watu wakalibeba jeneza. Bartolomayo alikuwa miongoni mwa waliotia bega.

Marehemu ameacha mjane, Bi Stara binti Habibu. Watoto watatu, Mudrick, Yusra na Shamila. Wajukuu ambao hawakai kimya, sifa kwa Mungu. Dada yake, Mwamvua. Shemeji zake wote wa Kondoa. Mtani, Mzee Sostenes, ambaye bado anadai. Na rafiki mpya wa familia, Mzee Bartolomayo, aliyeko hapa leo na aliyekula pilau mara mbili. Makabuti yapo. Bi Stara anataka chumba chake, Shamila hataki hata kifungo kimoja kitoke, na kikao cha familia kuhusu jambo hilo kitakuwa kirefu.

Mwenyezi Mungu amlaze ndugu yetu pasipo na jua kali wala baridi kali, amsamehe makosa yake, naye amridhie. Hanifu mwana wa Shaban, wanunuzi wako wote wamekwisha kusema kwa midomo yao. Lala usingizi.